Gide ndefu ya tronsoneze: saa ya kwanza ndiyo inaamua maisha yake



Kiangazi kimoja tulifika kwa koperative moja upande wa Kabambare. Walikuwa wanapasua mbao za kujengea hangari ya mpunga. Tulikuta magogo yamelala, watu wamekaa kivulini, na tronsoneze imefunikwa gunia. Tukauliza: kuna nini? Wakatuonyesha gide. Ilikuwa mpya, ya sentimita 90, iliyoletwa kwa pikipiki kutoka mbali. Ilifanya kazi siku mbili tu. Kingo zake zilikuwa zimebadilika rangi na kuwa bluu, kigurudumu cha puani hakizunguki tena, na mnyororo ulikuwa unalala upande mmoja kama mlevi.

Wenyewe walisema: "Huu mti ni mgumu sana." Lakini tulipofungua mashine, tulikuta tundu dogo la kupitishia mafuta limezibwa na unga wa mbao. Mti haukuwa na kosa lolote. Gide ilifanya kazi siku mbili bila tone la mafuta. Mvua zikaanza kabla mbao za paa hazijapatikana, na sehemu ya mpunga ikalala chini ya bashi.

Ndiyo maana leo tunazungumzia gide ndefu. Huku kwetu, toka Kasongo mpaka Kabambare, gide haiuzwi katika kila butiki. Inatoka Kindu, Bukavu, Uvira ao Kalemie, na njia tunaijua sisi wote. Gide ikikufa katikati ya kazi, kazi imekufa nayo. Lakini kuitunza si jambo kubwa: kunahitaji uvumilivu wa saa moja siku ya kwanza, na dakika 10 kila jioni.

GIDE NI NINI, NA KWA NINI ILE NDEFU INASUMBUA ZAIDI

Gide ni kile kipande kirefu cha chuma ambacho mnyororo unazungukia. Iko na mkia, pale inapofungwa kwenye mashine, na pua, pale mbele. Kati ya kingo zake mbili kuna mfereji mwembamba. Ndani ya mfereji huo inapita miguu ya mnyororo, na ndani humo pia yanapita mafuta. Karibu na mkia kuna tundu dogo: hapo mafuta yanaingia. Gide nyingi ziko na kigurudumu kidogo cha meno puani ili mnyororo ugeuke bila kusugua.

Gide ya sentimita 40 inasamehe makosa. Ile ya 75 ao 90 haisamehe. Sababu ni tatu. Kwanza, mafuta yanasafiri njia ndefu mpaka puani. Yakiwa kidogo, pua inakauka wakati mkia bado umelowa. Pili, mnyororo mrefu ukipata moto unarefuka zaidi, unalegea, na unaanza kupigapiga kingo. Tatu, gide ndefu ni nzito na inapindika kwa urahisi ikibanwa ndani ya gogo ao ikibebwa vibaya.

Tena, gide ndefu inataka moteri yenye nguvu. Gide ya sentimita 90 ni ya mashine kubwa, zile za sentimita kyubu 90 na zaidi. Ukiifunga kwenye mashine ndogo, moteri inachoka, mnyororo unakwenda polepole, fundi anaanza kusukuma kwa nguvu, na vyote vinaharibika pamoja. Usichukue gide ndefu kwa kujionyesha. Chukua ile inayotosha magogo unayopasua.

KABLA YA KUWASHA

Kwanza angalia namba. Karibu na mkia wa gide kumechongwa namba zinazoonyesha hatua ya mnyororo (mara nyingi 3/8 ao 404), upana wa mfereji (kwa mfano milimita 1.6), na mara nyingi hesabu ya miguu ya mnyororo. Mnyororo, gide na gurudumu la meno la moteri, vyote vitatu lazima viwe na hatua moja. Mnyororo mwembamba ndani ya mfereji mpana unayumba. Mnyororo mnene hauingii, ama unaingia kwa kulazimishwa na kuungua. Ukinunua kwa kumtuma mtu, mwandikie namba hizo kwenye karatasi. Usimwambie tu "lete ile ndefu."

Pili, angalia gurudumu la meno la moteri. Kama mnyororo wa zamani umelichimba zaidi ya nusu milimita, libadilishe. Kuweka mnyororo mpya juu ya gurudumu lililolika ni sawa na kuvaa viatu vipya ndani ya miiba.

Tatu, panguza gide mpya. Pitisha kidole polepole kwenye kingo: ukisikia sehemu inayokwaruza, ilainishe kwa tupa bapa. Angalia kama tundu la mafuta liko wazi pande zote mbili, na kama linakutana sawasawa na njia ya mafuta ya mashine.

Nne, mnyororo mpya ulale usiku mzima ndani ya mafuta safi. Mkebe wowote safi unatosha. Mafuta yanaingia kwenye viungo vyote, pahali ambapo pampu haiwezi kuyafikisha haraka siku ya kwanza.

Tano, funga na kaza. Hapa wengi wanakosea. Usikaze mnyororo wakati gide imelala kwa uzito wake. Shika pua, iinue juu, kaza skrubu ya mnyororo, halafu funga nati huku pua bado iko juu. Mnyororo uliokazwa vizuri unagusa gide upande wa chini bila kuning'inia, na mkono wenye glavu bado unaweza kuuvuta kuzunguka, breki ikiwa imefunguliwa. Kama hauvutiki, umezidisha.

SAA YA KWANZA

Washa mashine, uache mnyororo uzunguke dakika 2 ao 3 bila kukata kitu, kwa mwendo wa kati. Usipige gesi mpaka mwisho.

Sasa pima mafuta. Elekeza pua juu ya kisiki cheupe ao kipande cha karatasi, kama sentimita 20 hivi, bila kugusa chini. Piga gesi kidogo. Baada ya muda mfupi lazima uone mstari wa matone ya mafuta. Hakuna mstari? Zima. Usikate hata tawi moja mpaka umejua mafuta yamekwama wapi. Mashine nyingi za kazi nzito ziko na skrubu ndogo ya kuongeza mafuta. Kwa gide ndefu, iweke upande wa mafuta mengi.

Zima, acha ipoe, kaza tena. Mnyororo mpya unarefuka sana mwanzoni. Hiyo si alama ya ubovu.

Halafu anza na kazi nyepesi: mti laini, matawi manene, magogo membamba. Kwa nusu saa usizamishe gide nzima ndani ya gogo kubwa. Acha mnyororo ukate wenyewe, wewe uongoze tu. Kila baada ya kukata mara tatu ao nne, zima na uangalie: mnyororo umelegea? Pua iko moto kuliko mkia? Kuna harufu ya kuungua? Pua ikiwa moto sana, ujue mafuta hayafiki mbele.

Baada ya saa hiyo, fungua kila kitu, safisha, geuza gide juu iwe chini, ufunge tena. Sasa iko tayari kwa kazi ya kweli.

MAFUTA: SWALI LA MAWESE NA YALE MEUSI

Swali hili tunaulizwa kila pahali: "Mawese tunayakamua wenyewe. Kwa nini tununue mafuta ya mnyororo?"

Jibu letu ni hili. Mawese yanateleza vizuri yakiwa moto. Lakini kila mama wa jikoni anajua: asubuhi ya baridi mawese yanaganda ndani ya chupa. Yanaganda vilevile ndani ya pampu na ndani ya mfereji. Wewe unawasha mashine saa 12 asubuhi, mnyororo unazunguka, na mafuta bado yamelala. Dakika hizo chache zinatosha kuchoma gide. Tena mawese yakikaa siku nyingi kwenye chuma yanakuwa kama gundi, na unga wa mbao unashikamana nayo. Ulaya wako na mafuta ya mnyororo yanayotoka kwenye mimea, lakini yanatengenezwa kiwandani na kuongezewa dawa ili yasigande. Hayo si sawa na mawese ya kwenye bidoni.

Na mafuta meusi, yale yaliyotolewa kwenye moteri ya gari ao pikipiki? Yale ni mabaya zaidi. Yamebeba masizi na chembe za chuma, zinazosugua pampu, mfereji na viungo vya mnyororo kama mchanga. Tena mnyororo unayarusha hewani, yanaingia kwenye ngozi na pumzi ya fundi, na yanabaki katika udongo wetu.

Kama mafuta ya mnyororo hayapatikani, tumia mafuta mapya ya moteri, SAE 30 ao 40. Kila mara unapojaza esanse, jaza na mafuta ya mnyororo. Ukiona esanse imekwisha na tanki ya mafuta bado imejaa, kuna kitu kimeziba. Hiyo ndiyo alama ambayo wenzetu wa hangari hawakuiona.

Na kama siku moja mulilazimika kutumia mawese, jioni ile ile mwageni yaliyobaki, wekeni mafuta safi, na mzungushe mnyororo dakika chache kabla ya kulaza mashine.

KILA JIONI, DAKIKA 10

1. Legeza mnyororo ungali moto. Mnyororo unaporudi baridi unajikunja. Ukiachwa umekazwa unavuta gide na kuumiza beringi za moteri.

2. Toa gide. Safisha mfereji kwa waya bapa ao kipande cha msumeno wa chuma wa zamani, kutoka mkia mpaka pua. Utashangaa ni uchafu gani unatoka.

3. Fungua tundu la mafuta kwa kijiti ao waya mwembamba.

4. Zungusha kigurudumu cha puani kwa kidole. Kama gide yako iko na tundu dogo pale puani, tia girisi mpaka uchafu wa zamani utoke pembeni. Kama haina tundu, usiitoboe: hiyo imetengenezwa ili ifanye kazi bila girisi.

5. Pitisha kidole kwenye kingo. Chuma kilichojitokeza nje kama wembe kitolewe kwa tupa bapa. Ukikiacha, kinakatika na kuondoka na kipande cha ukingo.

6. Geuza gide. Jana upande huu ulikuwa chini, leo uwe juu. Upande wa chini ndio unaofanya kazi kubwa, na bila kugeuza unakwisha peke yake.

Kazi ya kunoa meno tutaisema kwa kirefu siku nyingine. Kwa leo: mnyororo wa 3/8 unanolewa kwa tupa ya duara ya milimita 5.2, ule wa 404 kwa ya milimita 5.5. Kwa kukatisha gogo, pembe ya jino ni nyuzi 30 hivi. Kwa kupasua mbao, wengi wanashuka mpaka nyuzi 10. Mnyororo mkali unatoa vipande vinavyoonekana kwa macho. Ukianza kutoa unga laini kama unga wa mihogo, simama unoe. Jino lisilokata linamfanya fundi asukume, na nguvu yake yote inakwenda kula gide.

DALILI ZA UGONJWA

Mbao zinatoka zimepinda. Inawezekana meno ya upande mmoja ni marefu kuliko ya upande mwingine, ama ukingo mmoja wa gide umelika kuliko mwenzake. Utajuaje? Geuza gide na ukate tena kwa mnyororo ule ule. Kama mkato sasa unapinda upande mwingine, mgonjwa ni gide. Kama bado unapinda upande ule ule, noa meno yawe sawa.

Mnyororo unalala upande. Weka rula iliyonyooka kwenye ubavu wa gide na ubavu wa jino. Mnyororo mzima unaacha nafasi ndogo kati ya rula na gide. Kama hakuna nafasi, mfereji umepanuka. Simamisha pia gide kwa ukingo wake juu ya kioo ao meza iliyonyooka: ikiinama yenyewe, kingo haziko sawa. Hapo fundi mwenye mkono mzuri anaweza kuzisawazisha kwa tupa bapa.

Rangi ya bluu. Chuma kilipata moto mkali na kimepoteza ugumu wake. Tafuta kwanza sababu ya mafuta kukosa, kabla ya kufunga gide nyingine.

Mfereji umekuwa mfupi. Pima kina chake. Kwa mnyororo wa 3/8 usishuke chini ya milimita 6, kwa 404 chini ya milimita 7. Zaidi ya hapo miguu ya mnyororo inasugua chini ya mfereji. Gide hiyo imemaliza kazi yake, ipumzishwe. Kuilazimisha ni kuharibu mnyororo na gurudumu pia.

GOGO, KABARI NA JIWE LA MUVULA

Gogo lililokokotwa chini limejaa mchanga kwenye maganda. Chukua upanga, toa ganda pale unapotaka kupitisha mnyororo. Usiache pua iguse udongo hata mara moja.

Ukipasua gogo refu, piga kabari za mti nyuma ya gide kila unaposonga mbele. Mti ukijifunga juu ya gide, usiivute kwa nguvu na usiipindishe. Zima mashine, piga kabari, toa polepole. Kabari iwe ya mti. Ya chuma ikiguswa na mnyororo, meno yanakwisha.

Muvula, ambao Wafaransa wanauita iroko, unapendwa kwa mbao zake. Lakini mara nyingine unaficha jiwe ndani yake, jiwe kweli, linalojengwa na mti wenyewe kwa chokaa. Mara nyingi mti unakuwa mweusi kidogo kuzunguka pahali hapo. Mashine ikibadilisha sauti na cheche zikionekana, toka, angalia meno, uanze upande mwingine. Tena vumbi lake linawasha ngozi na kifua: funga kitambaa puani.

NJIANI NA USALAMA

Gide nyingi hazipindiki porini. Zinapindika juu ya pikipiki. Kwa safari, toa gide kwenye mashine, ifunge juu ya ubao ulionyooka, izungushie gunia, na usiache kitu kizito kikae juu yake.

Kumbuka pia kwamba pua ni pahali pa hatari. Sehemu ya juu ya pua ikigusa mti wakati mnyororo uko mbio, mashine yote inarushwa kumrudia fundi, kwa kichwa ao kwa kifua. Mnyororo uliolegea na meno yasiyokata vinaongeza hatari hiyo. Kwa hiyo kutunza gide si kuhifadhi mali tu, ni kumlinda kijana wetu anayeishika. Akikata mti uliosimama, wengine wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti.

DAFTARI

Tumalizie na jambo ambalo si la ufundi. Mashine ya mtu mmoja iko na mlezi. Mashine ya koperative inapita mkono hadi mkono: leo huyu, kesho yule, na kila mmoja anafikiri mwenzake alisafisha. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nunueni daftari moja la shule, lilale pamoja na mashine. Andikeni tarehe, nani alitumia, esanse kiasi gani, mafuta ya mnyororo kiasi gani, gide iligeuzwa ao hapana, kasoro gani ilionekana. Anayepokea asubuhi asome kabla ya kuwasha. Koperative ichague watu wawili tu wenye ruhusa ya kukaza na kunoa, na mmoja awe na ufunguo wa sanduku. Na kila mara mbao zinapouzwa, toeni kidogo muweke pembeni kwa ajili ya gide na mnyororo utakaofuata, ili siku ya zamani kuchoka msianze kuchangishana wakati mpunga uko nje.

Wale wenzetu wa hangari walipata gide nyingine baadaye. Safari hii walilaza mnyororo ndani ya mafuta, wakapima matone juu ya kisiki, wakaanza na matawi. Mzee mmoja alikaa pembeni na daftari mkononi, akawaambia vijana: "Hakuna kupasua mpaka nione mafuta."

Na sisi tunawaambia vilevile: hakuna kupasua mpaka muone mafuta. Kazi njema.